Lupango ya Bila Mulango

Karibuni, mukae. Anayekaa ku kile kiti cha pembeni akae polepole, kina mguu mumoja wa kuazima. Mumepanda mpaka hapa Kasha, mutaa wetu wa Bagira, kunitafuta, mukaniambia: Papa Mugisho, wiki ijayo tunaenda kuhesabu ndege kwenye kile kisiwa cha mawe meusi, tuambie namna mulivyofanya kazi zamani. Vizuri. Nitawaambia ndege, nitawaambia popo na fisi-maji, maana nimewahesabu mpaka leo ninawaota. Lakini mujue tangu sasa kwamba ndani ya habari hizi kuna jina la mwanamke mumoja, Maman Nzigire, mupishi wetu. Watu wanasema alimupa sumu mwalimu wangu wa kazi, Papa Gervais. Hakumupa sumu. Mimi nilijua hivyo, nikanyamaza miaka kumi na moja.

Sasa andikeni. Na ule mwenye telefone, aizime kwanza.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukitembea bila haraka unakizunguka kabla jua halijakuwa kali. Kilitoka chini ya ziwa kwa moto, zamani sana, kwa hiyo jiwe lake ni jeusi, jepesi, lina matundu matundu, na linakata. Viatu vya kwendea misa vinakufa siku mbili. Pembeni kumeinuka, katikati kumebonyea kama sahani ya supu, na hapo katikati hakuna sauti. Nyinyi muliozaliwa Bukavu hamujui mahali pasipo na sauti. Huku kuna pikipiki, kuna redio ya jirani, kuna kwaya inafanya repetisyo. Kule unasikia damu yako mwenyewe ndani ya masikio.

Mara yangu ya kwanza, mwenye mutumbwi alizima moteri mbali kabisa akaanza kupiga kafi. Nilimuuliza kama esanse imeisha. Akaniambia esanse iko, ila mahali pale hawafikii kwa kelele. Nilicheka. Nilikuwa na diploma mupya, na mutu mwenye diploma mupya anacheka vitu vingi.

Papa Gervais hakucheka. Alikuwa mufupi, mweusi ti, kofia yake haikutoka kichwani hata mbele ya wakubwa wa buro, ile ofisi iliyotutuma. Hakusoma sana, lakini alijua kila mudomo na kila unyoya wa ziwa hili. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu mnandi, wale ndege weusi wanaokausha mabawa wakiwa wameyafungua. Siku ya kwanza nilimuletea hesabu kubwa, nikijisifu. Akaniuliza nilisimama wapi. Nikamuonyesha. Akaniambia kutoka pale, ndege wanaruka, wanazunguka nyuma ya jiwe, wanarudi, kwa hiyo nimewahesabu mara mbili, na wengine pengine mara tatu, na nikiendelea hivyo nitajaza dunia nzima kwa mnandi wa kisiwa kimoja. Shikeni hilo: musihesabu ndege mpaka mumejua wanarudia wapi. Hesabuni alfajiri, wanapotoka mara moja tu, na mutu asimame upande mumoja.

Ndiye aliyenifundisha pia kujaza ngozi ya ndege. Unachuna kutoka tumboni, unapaka chumvi na majivu, unaweka pamba, unashona. Ya kwanza niliweka pamba kwa roho yote. Papa Gervais aliigeuza mukononi, akaiweka chini. Akasema, "Mugisho, huyu umemupa mimba." Buro nzima waliniita baba ya mimba mpaka Noeli.

Basi, hiyo ilikuwa kazi yetu: mwaka mara mbili, siku tano tano, watu watatu. Papa Gervais, mimi, na Maman Nzigire wa kupika. Alikuwa mujane kutoka Nyantende, mwanamke wa maneno machache, mwenye mbabula yake mwenyewe, jiko la makala. Hakutaka ya buro, alisema zile zinakula makala bure. Bugali wake tulikuwa tukila tunasahau kuhesabu.

Miaka ya kwanza tulilala pwani, kwenye mawe. Upepo wa ziwa unaingia mpaka ndani ya mifupa, na mugongo wa Papa Gervais ulikuwa unauma. Safari ile ya mwisho nikasema nitamutafutia mahali. Nikapanda, nikashuka kule katikati, na pale nikakuta lupango, uzio wa boma la zamani.

Musikilize vizuri. Ilikuwa duara ya miti ile yenye maziwa meupe, ile tunapanda hapa kwetu kuzunguka kiwanja. Mizee, minene, imeshikana. Kisiwa kile watu walikaa zamani, tulikuwa tunaona mawe yao ya kusagia na misingi ya nyumba juu ku kilima. Mushi yeyote, mutu wa kabila letu, ukimuonyesha duara ya miti ile atakuambia: hapa palikuwa na mutu, na mutu wa heshima. Mimi pia. Nikaizunguka nikitafuta mulango. Sikuupata. Nikaizunguka mara ya pili. Hakuna. Umeona lupango gani isiyo na mulango? Mutu anaingilia wapi, ng'ombe wanatokea wapi? Nikajiambia miti imekomaa, imeuziba. Nikachukua panga nikatoboa mulango.

Nilijisikia fundi siku ile. Ndani hakuna upepo hata kidogo. Tukaweka hema upande wa juu kidogo, kwenye jiwe bapa. Papa Gervais akalala chali, akasema mugongo wake umeokoka.

Maman Nzigire akaingiza mbabula. Asubuhi ya kwanza ikakataa. Makala makavu, moto unashika, unashuka, unakufa. Akapepea mpaka jasho. Akaitoa nje ya miti, moto ukawaka. Akairudisha, ukafa. Hakuuliza mutu. Alibeba mbabula, sufuria na mukeka, akashuka navyo pwani, akalala kule. Nilimuchokoza, nikamuambia Maman, mbabula yako inaogopa mizimu ya wazee. Akanijibu kwamba moto usipotaka mahali, yeye pia hapataki. Nilimucheka mpaka jioni.

Na kulikuwa na vitu vingine, nawaambia ili muviogope. Popo walijaa ku kila muti wa kisiwa, wakigombana kama wanawake wa sokoni, lakini ku ile duara hakuna hata mumoja. Fisi-maji anaacha nyayo zake kwenye majivu meusi, unaona amepanda kutoka ziwani, amenusa, amefika mbele ya mulango niliotoboa, na hapo nyayo zinageuka, zinarudi. Kila asubuhi hivyo hivyo. Kila asubuhi pia vichwa vilituuma, mimi na Papa Gervais, tukasema ni baridi. Na chini kabisa, pale pabondeni ndani ya lupango, kila asubuhi tulikuta vidogo vimekufa. Panya wawili. Chura. Chiriku mumoja amelala ubavu, macho wazi, hana kidonda, manyoya safi kana kwamba ametoka kuoga.

Mutu mwenye akili angekimbia. Mimi nilifurahi. Ngozi safi namna ile, bila mutego, bila risasi! Niliona ni zawadi. Siku ya tatu nilikuwa na vielelezo tisa na kaye yangu ya kuandikia imejaa. Jioni nikamuambia Papa Gervais kesho natoka mapema kuhesabu mnandi, basi jua likitoka aniokotee wale wadogo kabla sisimizi hawajawaharibu. Akasema sawa. Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na ilikuwa kumutuma.

Asubuhi ile ziwa lilikuwa kimya, hata jani halikutikisika. Nilihesabu vizuri sana. Nilipokuwa ninarudi, nilikutana na Maman Nzigire anapanda na sahani ya viazi. Alikuwa amekwisha kumupa muzee chai, alisimama pale mulangoni, akamunyooshea kikombe, akashuka. Tukafika pamoja. Kikombe kilikuwa ku jiwe, nusu. Papa Gervais alikuwa kule chini amepiga magoti, paji la uso ku udongo, kama mutu anayesali. Mukononi alikuwa na kandege. Kofia ilikuwa imeanguka, na ndiyo mara ya kwanza niliona kichwa chake.

Nilishuka mbio. Nikainama kumushika mabega. Hapo pumzi yangu ilikatika. Hakuna harufu, hakuna moshi, unavuta hewa na hewa haiko. Masikio yakalia. Nilijua ninaanguka na sikuona ubaya wa kuanguka, hilo ndilo ninaloliogopa mpaka leo. Mutu akanikamata shati kwa nyuma akanivuta kama gunia. Maman Nzigire. Alikuwa amefunga kitenge mudomoni na hakuinama hata kidogo, alinivuta amesimama. Tulikaa nje ya miti tukikohoa. Tulimuona muzee pale, hatua kumi, na hatukuweza kumufikia. Upepo ulipoanza, jua limekwisha kupanda, mwenye mutumbwi akafika kutoka ziwani na kamba, tukamutoa.

Nikaandika rapore, ripoti ya buro. Nilikuwa mwandishi muzuri. Niliandika: "Amekufa ghafula asubuhi, baada ya kunywa chai." Hakuna uongo ndani ya sentensi hiyo, munaweza kuitazama kila upande.

Hapa Bukavu mukijua mutu amekufa ghafula, baada ya kunywa, bila ugonjwa, munauliza nini? Munauliza nani alipika. Familia ya muzee ikakaa kikao. Wakauliza kwa nini mupishi alilala pwani peke yake, akawaacha wanaume kule. Wakauliza kwa nini alihamisha mbabula, alikuwa anajua nini. Kila kitu alichofanya kwa akili yake kikageuka ushahidi. Wakaniuliza mimi muzee alikunywa nini mwishoni. Nikasema chai. Maman Nzigire alikuwa amekaa ku mukeka karibu na mulango, akanitazama. Alingoja niendelee. Alijua nitaendelea, maana ni yeye aliyenivuta. Sikuendelea.

Munanitazama vibaya. Munitazame tu.

Siku zile sikujua ile hewa ni nini. Nilijua tu kwamba iko, na kwamba lupango nilitoboa mimi, na kwamba niliyemutuma muzee chini ni mimi. Ningesema "hewa ilinikamata", wangesema "nani alimulaza pale?" Nilikuwa na batoto bane na kazi ya buro. Basi Maman Nzigire akafukuzwa kazi, mutaa ukamukataa, akarudi kwao Nyantende. Hakuna aliyemupiga. Waliacha tu kula kwake.

Miaka miwili baadaye nilikuwa ku kisiwa kikubwa cha Idjwi kwa kazi ya popo. Nilipewa kiti kwa mwanamke muzee sana, watu wote walimuita Koko, yaani bibi. Alizaliwa ku kile kisiwa chetu cha mawe meusi. Alinieleza maisha ya pale: mbuzi, maharagwe, samaki wa zamani kabla ya sambaza, wale samaki wadogo, kuletwa, namna walivyohama wote wakati ardhi ilipotikisika na visima vikawa vichungu. Nikamuuliza, kama kwa muchezo, lupango ile ya katikati ilikuwa ya nani, ya mwami gani, chifu gani. Akashangaa.

"Ile haikuwa lupango ya mutu," akasema. "Pale udongo unatoaka mazuku, pepo mubaya, hewa ya kuua yenye inakaa chini, asubuhi kama upepo hauko. Ilikula mbuzi yetu, ikakula mutoto wa jirani. Baba zetu bakapanda miti kuzunguka. Mulango hawakuweka, juu ya mutu asiingie."

Halafu akainama karibu yangu. "Nani alitoboaka mulango? Bavuvi banasema iko na mulango sasa."

Nikasema sijui.

Kumbe kisiwa kizima kilikuwa kimetuambia: moto, popo, fisi-maji, hata wafu waliokufa zamani walituandikia kwa miti. Mwenye kusoma pale alikuwa mumoja, mupishi, na ndiye tuliyemuhukumu. Kama ningesema siku ile, kwenye kiti kile, Maman Nzigire angepoteza miaka miwili tu.

Kwa hiyo shikeni mambo haya, ndiyo mutanilipa kwa soda muliyokunywa. Mahali palipobonyea musiingie kabla upepo haujaamka. Mubebe kijiti chenye moto, mukishushe mpaka gotini, kikizima mugeuke bila kuulizana. Musilale chini. Mukimuona mwenzenu ameanguka, musiiname, fungeni kamba. Najua muna kale kamashini ka kupima hewa, kanalia. Kabebeni. Lakini betri inakufa, na mukiona panya mahali hana kidonda, yule panya ni rapore kamili. Na mahali pakiwa na uzio bila mulango, muulize kwanza nani aliupanda.

Mulango ule nilirudi kuuziba, kabla ya kustaafu, kuingia retrete. Nilipanda matawi kumi na mbili, yote yameshika. Hiyo ilikuwa rahisi.

Ya pili ilikuwa ngumu. Mwaka huu nilikuwa ku kilio, hapa hapa Bagira. Binti mumoja alikuwa anagawa beinye, maandazi. Mama mumoja kijana akamupiga mutoto wake ku mukono, beinye ikaanguka, akamuambia polepole: huyo ni mutoto ya Nzigire. Mama yule siku Papa Gervais anakufa pengine alikuwa shule ya musingi. Binti aliokota beinye, akaifuta, akaila yeye mwenyewe, mbele yetu sote. Sikulala.

Jumapili iliyofuata nilishuka Nyantende. Kiisha misa, watu wa shirika, ile jumuiya yao ya sala, walikuwa wamekaa nje ya kanisa, nikaomba neno. Nilisema yote kwa sauti, nimesimama, kofia mukononi: miti, panga, vile vidogo, kumutuma muzee, shati langu, kile kikao, Koko. Nilisema Maman Nzigire aliniokoa na mimi nikamuuza. Wengine waliguna. Muzee mumoja aliniuliza kwa nini nimengoja kupata pansyo ya kustaafu kwanza.

Yeye hakuwa pale. Nilikuwa nimesikia haendi tena misa ya watu wengi, anaenda ile ya asubuhi. Wakanionyesha nyumba.

Amezeeka, lakini mugongo umenyooka. Nikapiga magoti, nikarudia yote. Alisikiliza akitoa mawe ndani ya maharagwe. Nilipomaliza, aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kule kanisani, umesema jina yangu yote?"

Nikasema ndiyo, lote.

"Aksanti," akasema. Hakusema amenisamehe, na sikumuomba mara ya pili. Akaendelea kutoa mawe mpaka maharagwe yakaisha. Halafu akasema muda wa kula umefika, na mutu hatoki kwake na njaa.

Akaleta bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza wa kukaanga. Mujukuu wake, musichana wa miaka sita hivi, akaja kukaa kati yetu, ametulia, mikono ku magoti. Mimi nilitaka Maman Nzigire aone siogopi chakula chake. Nilitaka majirani waliokuwa wanachungulia pia waone. Kabla ya mutu yeyote, nikanawa, nikakata tonge kubwa, nikalichovya, nikalipeleka mudomoni.

Yule mutoto akanirukia, akanikamata mukono kwa mikono yake miwili.

"Papa, ngoja. Koko hayaonja bado."

Nikamutazama Maman Nzigire. Alikuwa amekwisha kumega kwa bugali, kidogo, kwa sombe, kidogo, sambaza mumoja. Alikula polepole, akameza, akafungua mudomo wake mbele ya mutoto, ulimi nje, kuonyesha hakuna kitu. Mutoto akatazama vizuri, akaitika kwa kichwa, akachukua tonge lake na kuanza kula. Ndivyo anavyojua chakula kinavyoanza. Hajaona nyumba nyingine.

"Nimezoea," Maman Nzigire akaniambia. "Kula sasa."